Ndani ya Shaba

Jumatatu, 7 Julai

Kwa jina Lake naanza, na bila ya mwalimu wa kunisahihisha. Daftari hili ni la Kemia. Lilibaki na kurasa nyingi tupu nilipomaliza kidato cha nne, na kulitupa naona haya.

Matokeo yalitoka Januari. Sitayaandika. Bibi aliniuliza tu, "Umepita?" Nikasema, "Nimemaliza." Akaridhika.

Tunaishi watatu, nyumba iliyo nyuma ya msikiti: Bibi yangu, Bi Khairiya, kaka yangu Shuaib na mimi. Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba ameoa Faza, huja siku za Idi na kamba wakavu. Shuaib anafanya kazi ya boti kule Ras Kitau, anavusha wageni wa hoteli. Mimi nafagia, napika na nanyamaza. Shuleni kila muhula waliniandikia neno moja: mkimya.

Leo Bibi ameniita chumba cha ndani. Akafunua kile kitambaa cheupe kinachofunika mtambo wetu wa marashi, akagusa macho yake yenye ukungu, akaniambia, "Mato yangu hayana kazi tena. Tangu yeo shaba ni yako."

Nilikuwa nikijua kwamba siku hii itafika.


Jumatano, 9 Julai

Mvua ya mchoo, ile ya Julai, nyepesi. Nimekata kucha, Bibi kaniamuru.


Jumamosi, 12 Julai

Nimeanza kufundishwa. Naandika yote nisije nikasahau.

Shaba yetu ni vitu vitatu: sufuria kubwa ya chini, kichwa chake kama kofia ya mviringo, na mtungi wa kupokea, vyote vya shaba. Katikati hupita mwanzi uliozungushiwa kamba ya usumba wa makumbi ya nazi. Ndani ya sufuria hutiwa mawaridi na maji. Mvuke hupanda, hupita kwenye mwanzi, huteremka mtungini, na hayo ndiyo marashi. Kila Mfungo Sita, siku ya Maulidi, msikiti wetu hunyunyiziwa marashi ya nyumba hii. Alianza bibi yake Bibi. Watu husema Maulidi yetu hujulikana kwa pua kabla ya sikio.

Nje husafishwa kwa ukwaju na chumvi, kisha jivu la makumbi lililochekechwa, kisha maji, kisha hufutwa hata pasibaki unyevu. Hapo unaweza kutumia nguvu zako zote.

Ndani ni mambo mengine. Mtu hutia udhu kwanza. Hasemi. Hutia maji ya vuguvugu na kupitisha kiganja cha mkono wa kulia, kiganja tu, hata kitambaa hakiingii.

"Kwani ndani mna ngozi," Bibi alisema. Akanishika mkono akaniingiza. Palikuwa laini kama ndani ya kombe la chaza, na ukiinama ukatazama ni peupe. Ni bati. Fundi Abdulwahid alikuwa akija hapa nyumbani na moto wake, akaipaka upya kila baada ya miaka. Fundi alifariki mwaka juzi. Dukani kwake sasa wanauza vifuniko vya simu.

"Ngozi hii ndiyo ya mwisho," Bibi akasema. "Ikitoka, shaba hulia kijani, na matozi yake ni sumu. Lakini ukiitunda, ukailinda kwa kiganja, itanizika mimi, na wewe itakuoza."

Nilicheka. Bibi naye akacheka. Hatucheki pamoja mara nyingi.


Jumanne, 15 Julai

Dada yake Bibi amefariki Kiwayu. Inna lillahi. Tunaondoka kesho alfajiri, mimi na Bibi. Shuaib atabaki kulinda nyumba.


Jumamosi, 26 Julai

Tumerudi. Bahari ilikuwa mbaya, Bibi alitapika njia nzima na mimi nilimshika kichwa. Amelala.

Niliingia chumba cha ndani kuitazama shaba, kwa kuwa nilikuwa nimeikumbuka kule matangani kama mtu anavyokumbuka mtoto. Kitambaa kilikunjwa kwa namna nyingine. Nikakiondoa. Shaba ilikuwa inang'aa. Haijapata kung'aa vile. Iling'aa kama kikombe cha zawadi za michezo, uso wangu niliuona wote, hata chunusi.

Nikafurahi kidogo. Kisha nikainua kichwa chake.

Kwanza ilinijia hamira, kama unga wa mkate uliosahauliwa. Kisha sukari guru iliyoungua. Na chini yake harufu kali inayopanda puani. Maabara ya shule tulikuwa na taa ya spiriti. Ndiyo hiyo hiyo.

Nilirudisha kichwa, nikafunika, nikakaa sakafuni. Bibi akaita kutoka kitandani, "Nadra, shaba iko salama?"

Nikasema, "Iko salama, Bibi."


Jumapili, 27 Julai

Nilimngoja Shuaib darini nikianika nguo. Akaja akiimba, ameniletea nanasi.

"Wewe uliichukua shaba?" Sijawahi kumuuliza kaka yangu swali kama hilo. Akaacha kuimba.

"Sikuichukua. Niliiazima."

"Kupeleka wapi?"

"Kule kazini. Mwenye hoteli alitaka kujaribu kitu chenye asmini ndani yake, wageni wapate ladha ya Lamu. Akaniuliza kama najua mtu mwenye mtambo wa shaba. Ningesema simjui?"

"Kitu gani?"

"Nadra, wewe umesoma Kemia. Usinifanye nitamke."

Nilikuwa nimeshika shuka la Bibi, limelowa, linanidondokea miguuni.

"Mimi sikuonja hata tone, Wallahi," akasema. "Na nimeiosha! Huoni inavyowaka? Nimeisugua kwa dawa ya kusafishia vyuma vya boti, mkono wangu bado unauma."

"Umeosha nje."

"Nje ndiko kunakoonekana, siste."

Kisha uso wake ukabadilika, akawa kama alivyokuwa mdogo. "Usimwambie Bibi. Atakufa. Na mimi nimekwisha waambia basi, sitarudia. Wanataka kunipa boti kubwa, niwe nahodha. Usiniharibie."

Shuaib ndiye anayemnunulia Bibi dawa ya macho na ndiye anayemkata kucha za miguu. Nayaandika haya ili niwe mwadilifu.

Sikusema ndiyo. Sikusema la. Akaichukulia kuwa ni ndiyo, kama watu wote wanavyouchukulia ukimya wangu.


Jumanne, 29 Julai

Chombo kilichopikiwa kitu kile ni najisi. Hilo najua. Namna ya kukitwahirisha siijui kwa uhakika, na marashi haya yataingia msikitini, katika mikono ya watu na nyuso zao, wakati wa kumsalia Mtume. Kuna wa kumuuliza: Ustadh Nabhan, aliyenifundisha madrasa tangu alifu. Basi nimekwenda. Nilichukua sahani ya mahamri iwe sababu.

Alikuwa kibarazani anakarabati mkeka. "Nadra binti Abdulghafur! Karibu. Una swali?"

Nilikuwa nalo swali, limekaa juu ya ulimi kama kidonge. Lakini niliona yatakayofuata: chombo gani? Cha nani? Kimeingiaje? Na kibarazani kwa jirani yake alikuwa ameketi Bi Rawiya wa mtaani kwetu, ambaye masikio yake hayana mlango.

Nikasema, "Bibi anakusalimu."

"Alaykumu s-salaam. Na mahamri?"

"Anakusalimu na mahamri."

Wakacheka wote wawili. Nikaondoka nikikaribia kukimbia.


Alhamisi, 31 Julai

Nimekwenda tena. Nimepita moja kwa moja kama niendaye dukani.


Jumamosi, 2 Agosti

Nimefanya mwenyewe.

Madrasa tulisoma kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hilo nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nililighani mbele ya darasa na sauti ikanikwama. Nikafikiri hivi: ikiwa kwa mbwa ni saba na udongo, basi kwa kilevi hakiwezi kuwa pungufu. Nilipolifikiri lilinyooka kabisa.

Bibi alilala baada ya Adhuhuri. Nilikuwa nimechota mchanga ufuoni maji yalipotoka, nikauosha kwa maji ya kisima hata ukawa safi. Nikatia udhu. Nikaketi na shaba uani.

Nilikumbuka kiganja. Sitaki baadaye nije nijidanganye kwamba nilisahau. Nilikumbuka kabisa, na kombe la chaza, na Fundi Abdulwahid na moto wake. Lakini nilikumbuka pia uso wa Imamu, anavyopokea marashi viganjani na kujipaka ndevuni akifumba macho. Kiganja kinatosha kwa waridi. Kwa kile kingine sikuona kama kiganja kinatosha.

Nikatia mchanga badala ya udongo. Nikasugua sufuria, nikasugua kichwa, na mtungi pia, kwani huo ndio uliopokea. Niliingiza mkono hadi begani. Maji yalitoka ya kijivu. Nikasema uchafu wao huo unatoka, nikasugua zaidi, nikiwa nasoma nilichokijua na machozi yananitoka. Nilipomaliza ya saba, harufu ilikuwa imekwisha. Nilinusa na kunusa, haipo.

Niliinama nikatazama ndani. Pale palipokuwa peupe niliona wekundu, mahali mahali, kama ngozi ya goti lililochubuka.

Nikasema, ni mwanga wa jioni. Haikuwa jioni.


Jumapili, 3 Agosti

Vidole vinauma. Mvua asubuhi.


Jumatano, 6 Agosti

Shuaib amepewa boti. Ni nahodha. Bibi alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Shuaib alinitazama juu ya kichwa cha Bibi, akanikonyeza.


Jumatatu, 11 Agosti

Mawaridi ya kiungani, shambani kwetu nje ya mji, yameanza kufunga vichwa. Ni yale madogo ya rangi ya waridi iliyokwajuka. Shuaib anasema hotelini huletwa mawaridi ya Naivasha kwa ndege, makubwa kama ngumi. Bibi akauliza, "Yanuka?" Shuaib akasema hayanuki hata kidogo. "Basi hayo ni kabeji," Bibi akasema.


Jumatano, 20 Agosti

Leo tumepika.

Tulikuwa kiungani kabla ya jua, Bibi akiniegemea. Yeye hachumi tena, bali hushika kila ua ninalomkabidhi na kulitia kikapuni mwenyewe. Nyumbani akakanda unga wa ngano, tukaziba viungo vyote, kichwa na sufuria, mwanzi na mtungi, pasitoke hata pumzi. Moto ulikuwa wa makumbi, wa polepole. Nikamwagia maji ya baridi juu ya kichwa na ile kamba ya mwanzi, tena na tena.

Bibi aliweka sikio kwenye mwanzi. Tukangoja. Alikuwa amefumba macho, na yakifumbwa hayaonyeshi ule ukungu, alikuwa mzuri.

"Sasa linanena," akasema. "Ndoo usikie."

Nikaja, nikaweka sikio langu. Lilikuwa linasema kweli. Tone, kisha tone.

Harufu ilijaa nyumba hata Bi Rawiya akapaza sauti kutoka kwake, "Bi Khairiya, mnatuua huku!" Bibi akamjibu, "Kufa taratibu, Maulidi bado!"

Alichovya kidole katika mtungi akanipaka kwenye paji la uso. Akasema alipakwa yeye na bibi yake hivyo hivyo. Kisha akafunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa kipya, akafunga kamba, akamwagia nta. Kwetu mtungi haufunguliwi tena nyumbani. Hupumzika, na hufunguliwa msikitini tu, siku yenyewe, ili wa kwanza kuyanusa wawe ni wenye kumsalia Mtume.

Sina neno la kuandika ila alhamdulillahi. Nimekuwa na furaha siku nzima. Imesafika. Nimeisafisha mimi, na hakuna aliyejua.


Alhamisi, 28 Agosti

Darsa ya wanawake. Ustadh Nabhan husomesha nyuma ya pazia. Alipofika mwisho akauliza kama kuna swali, na Nasreen akauliza. Nasreen tulisoma darasa moja. Ameolewa mwaka huu na anafanya kazi jikoni katika hoteli ya Manda.

Akasema, kwa pumzi moja, kama aulizaye bei ya nyanya: "Ustadh, kuna vyombo kazini hutiwa mvinyo, nasi hupewa chakula ndani yake. Vinasafishwaje?"

Ustadh akajibu, "Kwa maji safi. Ikiondoka rangi na harufu na ladha, kimetwahirika."

Bi Rawiya akadakia, "Si mara saba na udongo?"

"Hiyo ni ya mbwa, Bi Rawiya. Wewe una mbwa?"

Wanawake walicheka mpaka pazia likatikisika. Nasreen alicheka. Bibi alicheka, akanipiga paja.

Maji. Maji na kiganja.


Ijumaa, 29 Agosti

Mtungi upo pale pale.


Jumamosi, 30 Agosti

Mtungi upo pale pale. Nimeugusa kwa nje. Nikiufungua, nitavunja nta, na Bibi atauliza kwa nini, na jibu lina Shuaib ndani yake.


Jumatatu, 1 Septemba

Nimefungua kitabu cha Kemia. Shaba na asidi na hewa. Nilijibu swali hili katika mtihani. Nadhani nilipata alama.


Jumatano, 3 Septemba

Usiku na mchana najiambia: bati halikutoka lote. Mahali mahali tu. Siku chache mtungini haziwezi kitu. Bibi amefua kanga yake ya Maulidi. Ananiambia nivae ile nyeupe.

Nilimwita, "Bibi."

"Labeka."

Nikasema, "Nikupashie maji ya kuoga?"


Ijumaa, 5 Septemba

Ni lazima niandike sasa, au sitaandika kamwe.

Maulidi yalianza baada ya Alasiri. Sisi wanawake tulikaa juu, kwenye nyumba inayotazamana na ua wa msikiti, madirishani. Shuaib aliubeba mtungi begani amevaa kanzu mpya. Watu wakampisha. Bibi aliniuliza, "Wampisha?" Nikasema, "Wanampisha." Akanishika mkono.

Mtunza msikiti alikata nta ghalani, penye giza, akajaza mirashi ile ya fedha ya kunyunyizia. Hakuna aliyeyaona marashi. Ndivyo inavyofanywa siku zote.

Kisomo kilipofika pa kusimama, wote wakasimama. Vijana wakapita safu kwa safu wakinyunyiza. Kanzu zote nyeupe, vilemba vyeupe, dufu zinapigwa taratibu. Harufu ilitufikia juu, na ilikuwa waridi, Wallahi ilikuwa waridi, Bibi akavuta pumzi na uso wake ukafunguka. Kisha nyuma ya waridi ikaja nyingine, kama ya sarafu iliyokaa mkononi penye jasho. Bibi aliacha kuvuta pumzi.

Mwanzo haikuonekana. Madoa ya maji yalionekana kama ya maji tu. Lakini yalipoanza kukauka yalibadilika. Niliona kwanza begani kwa mtu mmoja, doa la kijani kibichi, kama ukungu wa mkate. Kisha kwa jirani yake. Kisha safu nzima, vifuani, mikononi, watu wanatazama kanzu zao na kutazamana, huku bado wanaimba. Imamu alikuwa amepaka ndevuni kama kila mwaka, amefumba macho. Alipofumbua, watu walikuwa wanamtazama kidevu. Kijana mmoja akacheka, akapigwa kofi na baba yake.

Hawakukatiza. Walimaliza hadi dua. Lakini mirashi iliwekwa chini.

"Nini?" Bibi aliniuliza. "Mbona wamepunguza sauti? Nadra, niambie, mbona?"

Bi Rawiya ndiye aliyesema, alikuwa nyuma yetu. "Si kitu, Bi Khairiya. Kijani ni rangi ya peponi. Wametangulizwa tu."

Dirisha zima likacheka.

Bibi hakuuliza tena. Tulishuka ngazi. Alikuwa mzito kama hajawahi kuwa. Njiani alisema mara moja, kwa sauti ndogo, "Mato yangu. Ni mato yangu haya."


Jumapili, 7 Septemba

Bibi hali chakula. Anasema mkono wake umeoza.

Bi Rawiya ana mpwa wake aliyekuwa kibarua Ras Kitau. Sasa mji mzima unasema shaba ya Bi Khairiya ilionekana kule, inapikiwa kilevi. Nimeambiwa na mtoto wa dukani, akinipa sukari: "Na nyinyi mwapika ile nyingine pia?"


Jumanne, 9 Septemba

Ustadh Nabhan alikuja, pamoja na mzee mmoja wa kamati. Waliketi ukumbini. Nilileta kahawa. Shuaib alikuwapo.

"Bi Khairiya," Ustadh akasema, "heshima yako iko pale pale. Ila mwaka ujao kamati imeonelea tununue marashi ya chupa dukani. Nawe upumzike. Umechoka."

"Nimechoka mimi, au mumenichoka nyinyi?"

Akatazama kikombe chake. Yule mzee wa kamati akasema, "Kuna maneno, Bi Khairiya. Wanasema shaba ilivushwa maji. Sisi hatuyaamini."

Bibi akainuka. Alijiinua mwenyewe, bila mimi, akishika ukuta. Akaweka mkono kifuani.

"Wallahi, billahi, tallahi," akasema. "Shaba hiyo haiyavuka kizingiti hiki tangu alipoileta bibi yangu. Hata fundi alikuja papa hapa. Kama nasema uwongo, Mola anitwae."

Ustadh aliinama. "Basi yamekwisha, mama. Yamekwisha."

Nilimtazama Shuaib. Alikuwa anatazama simu yake, na simu ilikuwa imezimwa. Niliona kioo cheusi. Nilingoja aseme. Nadhani naye alikuwa akiningoja mimi. Nikainama nikakusanya vikombe katika sinia, na kila mmoja alidhani ni haya yangu ya kawaida.

Bibi yangu ameapa kwa jina la Mungu juu ya jambo lisilo kweli, na sisi wawili tumemwacha.


Alhamisi, 11 Septemba

Nimemuuliza Shuaib, kiapo kile ni dhambi yake au yetu? Akasema, "Hakujua, hana dhambi." Kisha akasema, "Nadra, tafadhali." Macho yake yalikuwa mekundu. Hajaimba siku nyingi.


Jumamosi, 13 Septemba

Leo Bibi amesema nimpeleke kwenye shaba. Akatia udhu kwanza. Akaketi chini, akaomba kichwa kiondolewe, akaingiza mkono.

Alipitisha kiganja polepole. Ukingoni, kisha ubavuni, kisha chini. Alirudi mahali pamoja mara nyingi. Kisha akaomba mtungi, uliokwisha kurudishwa kutoka msikitini, akafanya vile vile. Nje mvua ilikuwa inanyesha kidogo na mimi nilikuwa naisikiliza mvua.

"Huu ni mchanga," akasema.

Nilikunja kitambaa cheupe, nikakikunjua.

"Nadra, ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema, "Nalikwambia kiganja. Ukanielewa. Nalikuona umenielewa. Basi mlikuwa na nini humu ndani, mwanangu, hata ukapasugua hivi?"

Swali lile lilikuwa mlango wazi. Ningepita. Lakini upande wa pili niliona kiapo chake kinamrudia, mkono kifuani, mbele ya watu wawili na Mungu. Niliona Shuaib na boti yake. Nikaona kwamba sasa anayo aibu moja, nami nikisema atakuwa nazo mbili na ya pili hataiweza.

"Nilitaka ing'ae, Bibi."

Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mtungi. Akautoa. Kiganja kilikuwa na rangi ya kijani kwenye mistari.

"Ing'ae," akasema.

Kisha akasema, si kwangu, kama anayejikumbusha: "Kumbe nalimkabidhi mtoto."

Nilimletea maji na ndimu anawe. Alinawa mwenyewe.


Jumatatu, 15 Septemba

Bibi amemtuma mtu kwa Ustadh, kwamba kosa ni la nyumba yake, mjukuu wake hakujua kuosha. Kwa hiyo sasa linajulikana. Bi Rawiya amenisimamisha njiani: "Wewe ndiye uliyetia hina kanzu za watu?" Akaona uso wangu, akaniacha. Hata yeye.


Jumamosi, 20 Septemba

Mwenye hoteli ameomba shaba iwe pambo, pale mbele, wageni waione. Shuaib alimwambia Bibi akiwa amegeukia ukuta. Nilidhani Bibi atakataa.

"Itwae," akasema. "Hakuna wa kuipaka, na hakuna wa kuiosha."

Shuaib aliibeba vipande vitatu. Bibi aliketi karibu na mlango kusikiliza. Sufuria iligonga jiwe la mlango ikalia, sauti ndefu.

"Yeo ndiyo mara yake ya kwanza kuvuka hapa," Bibi akasema. "Masikini. Haiyui ndia."

Shuaib, anayeijua njia, alisimama uchochoroni na mtungi mikononi. Kisha akaenda.


Ijumaa, 26 Septemba

Kuna barua ya chuo, Mombasa, nilikoomba nafasi. Sijaifungua.


Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua imenyesha nje ya wakati wake na mawaridi ya kiungani yamechanua tena, mengi kuliko ya Agosti. Hakuna aliyeniambia nikachume. Nilikwenda alfajiri, nikachuma yote, nikarudi na kikapu. Nilipofika uani nikakumbuka kwamba sina pa kuyatia.

Nikayamimina katika beseni ya plastiki, nikayatia maji. Nikaketi nayo. Kufika Alasiri yalikuwa yamekwajuka pembeni, na Magharibi yakawa meusi. Nikayabeba kuyatupa kabla Bibi hajaamka, lakini alikuwa macho.

"Nadra," akaita kutoka kitandani. "Mbona nasikia harufu ya waridi?"

"Ni upepo, Bibi. Unatoka kiungani."

"Ah," akasema. Akageuka akalala.

Swali moja la kweli lilinishinda, mlangoni kwa mtu aliyenifundisha kusoma. Sasa nasema bila kukwama: iko salama, nilitaka ing'ae, ni upepo. Sauti haitetemeki tena. Bibi ananiamini kila neno.